Enter, kitufe chaguo-msingi na skana ya kaunta: jibu kwa mwandishi wa programu ya mauzo

Msomaji mmoja anayeandika programu ya mauzo kwa ajili ya duka la jumla na rejareja ameleta swali ambalo nalifupisha hivi. Programu yake inaendeshwa ndani ya kivinjari, na makeshia wanaipenda kwa sababu kazi nyingi hukamilika kwa Enter bila kugusa kipanya. Hata hivyo kuna mambo mawili yanayomsumbua. La kwanza, kidirisha kinachouliza kama keshia kweli anataka kufuta mauzo kikiwa wazi, kisha mtu akapitisha bidhaa nyingine mbele ya skana, mauzo yote hufutika ingawa hakuna aliyegusa kibodi. La pili, kwenye fomu ya malipo, Enter hufungua ukurasa wa kuongeza mteja mpya badala ya kukamilisha malipo. Mwenye duka amechoka na anataka Enter izimwe kabisa, kila kitu kifanyike kwa kipanya. Msomaji anataka kujua kama hilo ndilo suluhisho, na anauliza pia kama ni sahihi Enter imhamishe keshia kutoka sehemu moja ya kuandikia hadi nyingine, kama zilivyokuwa programu za zamani za hesabu.

Ndugu msomaji, usiizime Enter. Hitilafu zote mbili ulizozieleza zina sababu zinazojulikana, na hakuna hata moja inayotokana na Enter yenyewe. Keshia mzoefu hufanya kazi mkono wake wa kulia ukiwa kwenye upande wa tarakimu wa kibodi, macho yake yakiwa kwa mteja na kwa bidhaa, na Enter iko pale pale chini ya kidole chake cha mwisho. Ukimlazimisha kushika kipanya kwa kila mauzo, utakuwa umemwongezea safari ya mkono mamia ya mara kwa siku, na foleni itaonyesha tofauti kabla ya saa sita mchana. Zaidi ya hapo, wapo watumiaji wasioweza kutumia kipanya kabisa, wakiwemo wasioona wanaosomewa skrini na programu maalumu, na kwao kibodi ndiyo njia pekee ya kuingia. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, imeweka sharti la kila kazi kuweza kufanyika kwa kibodi katika daraja lake la kwanza, la chini kabisa, yaani ni jambo ambalo programu haitakiwi kulikosa.

Ili tuelewane, nitaita kitufe kile kinachochorwa kwenye skrini, na kibonye kile cha kibodi. Katika kila kidirisha kuna mambo matatu ambayo waandishi wengi wa programu huyachanganya, na nadhani mchanganyiko huo ndio uliozaa matatizo yako. Kuna fokasi, yaani mahali ambapo kibonye kitakachobonyezwa sasa hivi kitapokelewa. Kuna kitufe chaguo-msingi, yaani kile kitakachofanya kazi mtumiaji akibonyeza Enter hata kama fokasi haiko juu yake. Na kuna kitufe cha kughairi, kinachoitikia Esc. Haya matatu yanaweza kukutana kwenye kitufe kimoja, yanaweza kutengana, na kila mfumo una kanuni yake ya lini yakutane na lini yatengane.

Kwenye Windows, kitufe chaguo-msingi huhama. Fokasi ikiwa kwenye sehemu ya kuandikia, Enter hubonyeza kile kitufe ambacho mwandishi wa programu amekitangaza kuwa chaguo-msingi. Lakini mtumiaji akifika kwa Tab kwenye kitufe kingine, hicho hugeuka chaguo-msingi kwa muda, na mchoro wa ukingo wake hubadilika kumwonyesha hivyo. Tabia hii ina mizizi katika kanuni za matumizi ya kompyuta ambazo IBM ilizichapisha mwaka 1987, zilizogawa kazi kwa namna tunayoichukulia leo kuwa ya kawaida: Tab ihamishe, Enter ikamilishe, Esc ighairi. Kwenye Mac mambo ni tofauti. Kitufe chaguo-msingi hupakwa rangi na hubaki mahali pake, na Return, yaani Enter ya Mac, hukibonyeza. Kitufe chenye fokasi huzungushiwa mstari, na kibonye cha nafasi ndicho hukibonyeza. Kwa hiyo kidirisha kimoja cha Mac kinaweza kuonyesha vitufe viwili vilivyo tayari kwa wakati mmoja, kila kimoja kikisubiri kibonye chake, na mtumiaji wa Mac aliyeizoea hali hiyo haoni utata wowote.

Kivinjari, ambako programu yako inaishi, hakifuati moja kwa moja kanuni ya mfumo wowote kati ya hiyo miwili. Katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kitufe chenye fokasi huitikia Enter na kibonye cha nafasi vyote viwili. Chaguo-msingi huingia kazini hasa pale fokasi inapokuwa kwenye sehemu ya kuandikia ndani ya fomu, na hakichaguliwi kwa rangi, wala kwa ukubwa, wala kwa mahali kilipo kwenye skrini. Maelezo rasmi ya HTML yanasema kitufe chaguo-msingi cha fomu ni kile cha kwanza cha kuwasilisha, yaani cha kutuma fomu, kwa mpangilio wa msimbo, maandishi ya programu yenyewe. Mtumiaji akibonyeza Enter, kivinjari hukibonyeza kitufe hicho kwa niaba yake, kana kwamba amekigusa mwenyewe kwa kipanya.

Hapo ndipo ilipo hitilafu yako ya pili, na nina uhakika nayo hata kabla ya kuuona msimbo wako. Kitufe kilichoandikwa kwa tagi ya button bila kutajiwa aina yake huhesabiwa na HTML kuwa kitufe cha kuwasilisha. Umeweka kitufe cha «Ongeza mteja» karibu na jina la mteja, juu ya fomu, hukukiandikia aina, nacho kimetangulia «Kamilisha malipo» katika msimbo. Kwa hiyo ndicho kitufe chaguo-msingi cha fomu yako, ingawa macho ya kila mtu yanaona kwamba kitufe kikubwa cha kijani kilicho chini ndicho muhimu. Dawa yake ni kuandika type="button" kwenye kila kitufe kisichokusudiwa kuwasilisha fomu. Kosa hili ni la kawaida mno: vitufe vya kuonyesha nywila, vya kufuta maandishi, vya kufungua kalenda, vyote huwa wahanga wake, na mtu anayebonyeza Enter ili aingie kwenye akaunti yake hujikuta nywila yake imeanikwa wazi kwenye skrini.

Kuna mambo mengine madogo ya kanuni hiyo hiyo ambayo yatakukuta usipoyajua. Ukizima kitufe chaguo-msingi hadi fomu ijazwe, Enter haitahamia kitufe kinachofuata. Haitafanya lolote, na keshia atadhani kompyuta imeganda. Fomu isiyo na kitufe chochote cha kuwasilisha hukubali Enter ikiwa ina sehemu moja tu ya kuandikia, lakini ukiongeza ya pili huacha kuitikia, jambo ambalo limewatesa watu waliokuwa wamebadilisha fomu kidogo tu. Na ukipindua mpangilio wa vitufe kwa CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, ili kimoja kionekane kwanza, umepindua picha peke yake. Kwa kivinjari na kwa Tab, mpangilio unaohesabika ni ule wa msimbo. Kwa sababu hiyo nakushauri usitege Enter mwenyewe kwa kusikiliza vibonye kwenye ukurasa mzima. Andika fomu ya kweli, iwe na kitufe kimoja tu cha kuwasilisha, kisha usikilize tukio la fomu kuwasilishwa. Kivinjari kitakufanyia yaliyobaki, hata kwenye simu na kwenye visoma-skrini.

Sasa nije kwenye skana, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi. Skana ya kawaida ya kaunta inayochomekwa kwa USB hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Inaposoma msimbo pau wa EAN-13, ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye bidhaa nyingi, huandika tarakimu 13 kama mtu mwepesi sana wa vidole, kisha kwa kawaida hubonyeza Enter. Kivinjari hakina njia ya kujua kwamba vibonye hivyo havikutoka kwa keshia. Kidirisha chako cha kufuta mauzo kikiwa wazi na fokasi ikiwa kwenye kitufe, tarakimu zote hupotea hewani kwa kuwa kitufe hakiandikiki, lakini Enter inayokuja mwisho hupokelewa vizuri kabisa. Kwa hiyo kitufe chenye fokasi hubonyezwa, na kwako kitufe hicho ni «Futa».

Kwa nini fokasi iko kwenye «Futa»? Zipo sababu mbili zinazowezekana. Kama umetumia confirm(), kidirisha cha swali kinacholetwa na kivinjari chenyewe, kitufe cha kukubali ndicho chaguo-msingi siku zote, wala huna namna ya kukibadilisha. Na kwa kuwa confirm() husimamisha programu yako yote hadi ijibiwe, huwezi hata kuizuia skana wakati huo. Kidirisha hicho hakifai kabisa kwa kazi ya kufuta. Kama umetumia elementi ya dialog, yaani kidirisha unachokiandika mwenyewe kwa HTML, basi unapoifungua kwa showModal() kivinjari huweka fokasi kwenye kitu cha kwanza kinachoweza kuipokea, isipokuwa umekielekeza kwingine kwa autofocus. Ukiandika «Futa» kwanza katika msimbo, umekipa Enter bila kukusudia.

Kanuni ninayokuomba uishike ni hii: kitufe chaguo-msingi huchaguliwa kwa kuuliza ni jambo gani linaweza kutokea bila mtu kutazama na asidhurike. Hakichaguliwi kwa kuuliza watu wengi wangependa nini, wala kwa kuuliza mwandishi wa programu anategemea nini. Mara nyingi majibu ya maswali hayo hukutana, na ndiyo maana watu hudhani ni swali moja. Katika kufuta, kulipa na kutuma, hutengana. Windows ilikuwa na nyenzo ya jambo hili tangu zamani: mwandishi anayetumia kidirisha cha MessageBox huweza kutaja MB_DEFBUTTON2 ili kitufe cha pili, ambacho kwa kawaida ni «Hapana», kiwe chaguo-msingi. Mwongozo wa vidirisha unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, pamoja na kanuni zake za ufikivu ziitwazo ARIA, nao unashauri kwamba kidirisha kikiwa hatua ya mwisho ya jambo lisilorudishika kirahisi, fokasi iwekwe kwenye kitendo chenye madhara madogo zaidi.

Ukifuata ushauri huo peke yake utapunguza hasara, lakini hutakuwa umemaliza. Fikiria tena: kidirisha kiko wazi, fokasi iko kwenye «Endelea na mauzo», keshia anapitisha kopo la maziwa. Enter ya skana itafunga kidirisha bila kufuta chochote, hilo ni jema, lakini kopo lile halitaingia kwenye orodha. Mteja ataondoka nalo bila kulilipia, na jioni hesabu ya stoo haitalingana na mauzo. Kosa la kimya ni baya kwa namna yake, kwa sababu hakuna anayeliona likitokea.

Tiba kamili ni programu kuweza kuitofautisha skana na mkono wa mtu. Wapo wanaopima mwendo: herufi zikifika kwa kupishana milisekunde chache, wanahitimisha kwamba ni skana. Njia hiyo hufanya kazi hadi duka linunue skana isiyo na waya iliyo na mwendo wa polepole, au kompyuta ilemewe na kazi nyingine. Mimi napendelea kiambishi. Skana nyingi hupangwa kwa kusoma misimbo maalumu iliyochapwa kwenye kijitabu chake, na moja ya vitu vinavyopangika ni herufi itakayotangulia kila msimbo. Chagua herufi ambayo keshia haandiki kamwe na ambayo haimo kwenye misimbo ya bidhaa zako, mathalani ~. Kisha, kwa ajili ya skana pekee, programu isikilize ukurasa mzima: ikiona ~, ichukue kila kinachofuata hadi Enter, isiruhusu hata herufi moja kufika kwenye sehemu za kuandikia au kwenye vitufe, na ipeleke msimbo huo kwenye orodha ya mauzo popote fokasi ilipo. Weka pia ukomo mfupi wa muda, ili mtu akiibonyeza ~ kwa bahati mbaya kibodi isibaki imetekwa. Na kidirisha kikiwa wazi, programu ikatae msimbo kwa mlio unaosikika na maneno mafupi yanayosema bidhaa haikuingia. Mlio ni wa lazima, kwa kuwa macho ya keshia wakati huo hayapo kwenye skrini.

Kiambishi hicho kitakuepusha na balaa lingine ambalo pengine bado halijakufika. Kwenye fomu ya malipo, fokasi huwa kwenye sehemu ya kiasi alichotoa mteja. Keshia akipitisha bidhaa iliyosahaulika, tarakimu zake zote zitaandikwa humo kama fedha. Misimbo iliyosajiliwa Tanzania huanza na 620 na ya Kenya huanza na 616, kwa hiyo programu itaambiwa kwamba mteja ametoa zaidi ya shilingi trilioni 6, na Enter inayofuata itakamilisha malipo na kuchapa risiti yenye chenji ya ajabu. Hata ukiwa na kiambishi, weka ukaguzi: kiasi kikizidi jumla kwa kiwango kisicho na maana dukani, Enter isikamilishe, bali irudishe fokasi kwenye sehemu ile na kueleza sababu.

Lakini kabla hujakiboresha kidirisha cha kufuta, jiulize kama kinahitajika. Mtu anayeulizwa «una hakika?» mara nyingi kwa siku hujifunza kujibu bila kusoma, na hapo swali hugeuka kuwa kibonye cha ziada tu katika kitendo kile kile. Kwa mauzo ambayo bado hayajalipwa, ningeondoa swali kabisa: orodha ifutwe mara moja, ihifadhiwe kando, na kitufe cha «Rejesha» kibaki kwenye skrini hadi mauzo mengine yakamilike. Keshia aliyefuta kwa makusudi hasumbuliwi, na aliyefuta kwa bahati mbaya hapotezi kitu. Malipo ni jambo jingine. Risiti ya kodi ikishatoka kwenye mashine ya EFD, kosa halirekebishwi kwa kitufe cha kurejesha, bali kwa utaratibu wa kihasibu wenye kumbukumbu zake. WCAG huweka sharti hili kwa kurasa za fedha na mikataba: kitendo kiweze kurudishwa, au taarifa zikaguliwe na mtumiaji apewe nafasi ya kusahihisha, au aone muhtasari na kuthibitisha kabla ya hatua ya mwisho. Hapo swali la uthibitisho lina haki yake, na hapo ndipo ulitumie.

Unapoliuliza, usitumie «Ndiyo» na «Hapana». Andika kwenye vitufe kitendo chenyewe: «Futa mauzo» na «Endelea na mauzo». Mtu asiyesoma swali atasoma angalau kitufe. Epuka hasa kidirisha kinachouliza «Unataka kughairi mauzo?» chenye vitufe vya «Sawa» na «Ghairi», kwa maana hakuna ajuaye «Ghairi» hapo inaghairi mauzo au inaghairi kule kughairi. Esc nayo iwe siku zote njia ya kutoka bila madhara. Katika Windows, kidirisha cha MessageBox chenye Ndiyo na Hapana pekee hakiitikii Esc na alama yake ya kufunga huwa imezimwa, kwa kuwa mfumo haujui ni jibu lipi kati ya hayo mawili lina maana ya kuondoka. Mtumiaji hubaki amefungiwa hadi achague. Usimfungie keshia wako namna hiyo.

Jambo linalosahauliwa sana ni wakati hasa ambapo kibonye hufanya kazi. Kwenye kivinjari, Enter hukibonyeza kitufe mara tu kidole kinapoishusha, ilhali kibonye cha nafasi hukibonyeza pale kidole kinapoachia. Tena Enter ikishikiliwa hujirudia yenyewe, kama herufi inavyojirudia. Changanya mambo hayo mawili na utaona hatari: keshia anabonyeza Enter, programu inafungua kidirisha na kuhamishia fokasi kwenye kitufe chake, na Enter ile ile, ambayo kidole bado hakijaiachia, inakijibu kidirisha kabla jicho halijakiona. Hata bila kujirudia, ukihamisha fokasi ndani ya tukio la keydown, yaani lile la kibonye kushuka, sehemu iliyobaki ya tukio hilo inaweza kuangukia kitufe kipya. Kwa hiyo katika kila mahali unaposikiliza Enter mwenyewe, puuza matukio ambayo event.repeat yake ni kweli, yaani yale ya kibonye kinachojirudia, na uite preventDefault(), inayomzuia kivinjari asiendelee na kazi yake ya kawaida, kabla ya kufungua kidirisha. Firefox yenyewe hukiacha kitufe cha kukubali kimezimwa kwa muda mfupi katika baadhi ya vidirisha vyake vya usalama, kwa sababu hiyo hiyo ya watu kujibu kwa vibonye walivyokuwa wakivielekeza kwingine. Kwa kidirisha cha hatari unaweza kufanya vivyo hivyo.

Kujirudia huko kuna gharama ya moja kwa moja kwenye malipo. Enter mbili za haraka zinaweza kutuma fomu mara mbili, na kama programu yako hutuma ombi la malipo ya M-Pesa kwenye simu ya mteja, mteja anaweza kupokea maombi mawili na kuyakubali yote. Kuzima kitufe baada ya kubonyezwa mara ya kwanza husaidia, lakini usiishie hapo. Kila mauzo yapewe namba yake ya pekee tangu yanapoanza, na seva ikipokea ombi la pili lenye namba ile ile, irudishe jibu la lile la kwanza bila kutoza tena. Ulinzi ulioko upande wa kivinjari pekee hauhimili intaneti inayokatika katikati ya muamala, na hali hiyo unaijua vizuri kuliko mimi.

Nimebakiza swali lako la Enter kuhamisha fokasi. Waliozoea hivyo hawakukosea. Wamerithi desturi yenye historia ndefu. Programu nyingi za hesabu za enzi ya DOS zilimpeleka karani sehemu inayofuata kwa Enter, Tally hufanya hivyo hadi leo na hukubali waraka mzima kwa Ctrl+A, na hata Excel hushuka seli moja kila ukibonyeza Enter. Upande mwingine, terminali za IBM 3270 zilizotoka mwaka 1971 ziliitumia Enter kutuma kwa mkupuo yaliyojazwa kwenye skrini kwenda kompyuta kuu, na fomu za wavuti zinafanana zaidi na tabia hiyo. Mtu wa stoo anayeingiza kiasi, bei na punguzo kwa mistari mia moja ana haki ya kutaka Enter imsogeze mbele, kwa sababu Tab iko upande wa pili wa kibodi, mbali na mkono wenye kazi.

Ushauri wangu ni kuigawa programu kwa aina ya kazi. Kwenye jedwali la bidhaa, Enter ihamishe, na jedwali hilo lisiwe na kitufe chaguo-msingi hata kimoja, kisije kikamilisha mauzo pale mtu anapofika sehemu ya mwisho. Kuingia kwenye malipo kuwe na kibonye chake, F9 kwa mfano, kilichoandikwa kwenye kitufe chenyewe ili mgeni wa kaunta ajifunze kwa kutazama. Epuka F5 na F12, ambazo vivinjari vina kazi nazo, na epuka Ctrl+N, Ctrl+T na Ctrl+W, ambazo Chrome haikuruhusu kuzitwaa katika kichupo cha kawaida. Kwenye fomu ya malipo, ambayo ina sehemu moja au mbili, Enter ikamilishe. Kisichokubalika ni Enter kuhamisha katika sehemu tatu za fomu na kukamilisha katika ya nne ya fomu hiyo hiyo, maana mkono hauwezi kuhesabu. Kwenye sehemu ya maelezo marefu, Enter ianzishe mstari mpya, na Ctrl+Enter itume.

Vyovyote utakavyogawa, fokasi ionekane. Wachoraji wengi wa kurasa huondoa mstari unaouzunguka kitufe kwa kuwa wanauona unaharibu sura. Ukiuondoa, mtu wa kibodi hana tena njia ya kujua Enter yake itaangukia wapi. Tumia :focus-visible, na mstari utaonekana kwa anayetumia kibodi bila kumkera anayetumia kipanya.

Kwa mpangilio wa kazi, anza leo na type="button", kwa kuwa ni neno moja kwenye kila kitufe na linaondoa hitilafu ya pili yote. Kisha ondoa confirm() popote ilipo. Baada ya hapo chomoa kipanya, ufanye mauzo kamili kwa kibodi peke yake: shikilia Enter kwa sekunde mbili katika kila hatua, na upitishe bidhaa mbele ya skana kila kidirisha kinapokuwa wazi, ukitazama kama kuna chochote kilichobadilika bila ridhaa yako. Kiambishi cha skana kiwe cha mwisho, kwa sababu kinakulazimu kufika kwenye kila kaunta. Mpangilio huo hukaa ndani ya skana, si ndani ya kompyuta, kwa hiyo siku skana moja itakapokufa na nyingine kununuliwa, mpya itakuja bila kiambishi na itaandika kama kibodi ya kawaida. Chapisha misimbo ya kuipangia kwenye karatasi moja, iwekee plastiki, na uiache kaunta pamoja na maelezo ya mistari miwili, ili msimamizi wa duka aweze kuipanga skana mpya mwenyewe kabla ya kufungua mlango.